Gredi za kupanda miamba: historia ya jedwali nililolifuta

Nimenyamaza hapa kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa narekebisha programu yangu moja ndogo, na kila nilipodhani nimemaliza nilikuta historia nyingine chini yake. Leo nawaletea historia hiyo. Ni habari ya miamba na kamba, lakini kama unaandika programu yoyote inayobeba namba kutoka mahali pamoja hadi pengine, nadhani inakuhusu pia.

Nianze na kosa langu. Hapa Kisumu tunaopenda kupanda miamba ni wachache, na tukitaka miamba mirefu tunasafiri hadi Hell's Gate kule Naivasha, au Lukenya karibu na Athi River. Kwa hiyo nilitengeneza orodha ya njia za kupandia za Kenya, nikaziingiza moja moja kutoka vitabu vya zamani na madaftari ya marafiki. Tatizo likawa gredi, yaani alama inayosema njia ni ngumu kiasi gani. Kitabu kimoja kinatumia namba za Kirumi, kingine maneno ya Kiingereza, kingine namba za Kifaransa. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye digrii ya kompyuta angefanya: nikaandika fankisheni ya kubadilisha zote ziwe za Kifaransa, ili mtumiaji aone namba ya aina moja tu. Nilijipongeza sana siku ile.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni alikuwa akifanya mazoezi kwenye ukuta wa ndani Nairobi, na alikuwa amefikia 6a ya Kifaransa bila taabu. Akafungua programu yangu, akatafuta njia ya Hell's Gate iliyo chini ya uwezo wake. Programu ikampa njia ya 5a. Akaenda na mwenzake. Kufika saa kumi na mbili jioni walikuwa katikati ya ufa mrefu, mikono imeisha nguvu, vyuma vya kuchomeka kwenye ufa vimebaki viwili, na giza linaingia. Walishuka kwa kamba gizani, wakaacha vyuma vyao mwambani, na mwenzake akarudi na kifundo cha mguu kilichovimba. Hakuna aliyekufa. Saa mbili usiku simu yangu ikalia.

"Omera," akaniambia, "hiyo 5a yako uliitoa wapi?"

Niliitoa kitabuni, na kwa kweli kitabu kiliandika 5a. Kiliandika hivi: HVS 5a. Hiyo ni gredi ya Kiingereza na ina sehemu mbili. HVS ni kifupi cha Hard Very Severe, nayo inaeleza njia nzima: urefu wake, hatari yake, kama kuna mahali pa kuchomeka chuma cha kukuokoa ukianguka. 5a inaeleza hatua moja tu, ile ngumu kuliko zote. Fankisheni yangu iliitupa HVS kwa sababu haikuielewa, ikaichukua 5a na kuisoma kama ya Kifaransa. Lakini 5a ya Kiingereza si 5a ya Kifaransa. HVS 5a kwa kawaida hulinganishwa na 5c au hata 6a ya Kifaransa. Herufi zilezile, tarakimu zilezile, kitu kingine kabisa.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hatukupaswa kushangaa. Mwambie mgeni kwamba basi linaondoka saa tatu, atafika saa tisa mchana na begi lake. Tarakimu ni ileile, mwanzo wa kuhesabu ni tofauti.

Nikarekebisha bugi ile kwa dakika ishirini. Halafu nikakaa nikajiuliza: kama programu ingemwambia 5c, je, angekuwa salama? Jibu ni hapana. 5c bado iko chini ya 6a, na bado angeenda. Hapo ndipo nilipogundua kwamba bugi ya kusoma herufi ilikuwa ndogo. Kosa kubwa lilikuwa kuamini kwamba gredi ni kipimo kama mita au kilo.

Niliiamini kwa sababu vipimo vingi vinabadilika vizuri. Saa ya Kiswahili unaongeza au kupunguza sita, basi. Au chukua ziwa letu. Mwezi wa Mei 2020, wakati maji yaliingia Dunga na kufukuza watu Nyando na Budalang'i, taarifa zilisema kimo cha Ziwa Victoria kimefika mita 13.42. Nyingine zilisema mita 1,136 na ushei. Hakuna aliyekosea. Namba ya kwanza inasomwa kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, ambacho sifuri yake iko mita 1,122.86 juu ya usawa wa bahari. Jumlisha na utapata 1,136.28. Ukijua sifuri iko wapi, kazi imekwisha. Nilidhani kila eneo la miamba nalo lina sifuri yake, na kazi yangu ni kuitafuta na kujumlisha.

Basi nikaenda kuitafuta sifuri hiyo kwenye historia. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Mwaka 1894 Fritz Benesch wa Austria alipanga njia za kupandia katika ngazi saba. Katika mpango wake VII ndiyo ilikuwa rahisi kabisa na I ndiyo ngumu kupita zote. Mnaoandika programu mmeshaona balaa inakotokea. Baada ya muda watu wakapanda njia ngumu kuliko I. Wakalazimika kuongeza 0, na baadaye 00. Kama umewahi kurithi mfumo ambao aliyeuanzisha hakuacha nafasi ya kukua, unajua maumivu hayo. Miaka ya 1920 Willo Welzenbach wa Ujerumani aliugeuza mpango huo juu chini, I ikawa rahisi na VI ikawa mwisho wa uwezo wa binadamu. Huo ndio mpango ambao shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima, UIAA, liliuita kwa jina lake mwaka 1968. Lakini VI ilibaki kuwa dari. Kwa miaka mingi njia mpya ngumu zaidi zilibanwa humohumo ndani ya VI, mpaka mwaka 1979 ndipo dari likafunguliwa rasmi.

Uingereza ilianza kwa maneno. Mwaka 1897 Owen Glynne Jones alitoa kitabu kuhusu miamba ya eneo la maziwa la kaskazini mwa Uingereza, akazigawa njia katika makundi manne: rahisi, za wastani, ngumu, na ngumu kupita kawaida. Maneno hayo yalikuwa ya kweli kwa watu waliovaa viatu vya misumari na kujifunga kamba ya katani kiunoni. Lakini watu waliendelea kuwa hodari na vifaa vikaendelea kuwa bora, huku maneno yakibaki palepale. Leo njia ambayo Mwingereza anaiita Difficult ni ya kumfundishia mtu anayeanza. Juu yake wakalundika Severe, Very Severe, Hard Very Severe na Extremely Severe, na miaka ya 1970 wakachoka na maneno, wakaikata hiyo ya mwisho vipande vya namba: E1, E2, na kuendelea.

Wamarekani walifanya kosa ambalo mimi binafsi nimelifanya kazini. Klabu ya Sierra ilianza mwaka 1937 kugawa matembezi ya milimani katika madaraja, na daraja la 5 likawa la kupanda mwamba kwa kamba. Miaka ya 1950, kwenye mwamba wa Tahquitz huko California, daraja hilo likagawanywa kwa desimali kuanzia 5.0 hadi 5.9. Desimali safi kabisa. Kisha ikaja njia ngumu kuliko 5.9. Wangeiita 6.0? Hapana, 6 ilikuwa tayari imetengwa kwa kupanda kwa kuning'inia kwenye vifaa. Wakaiita 5.10, inayosomwa tano-kumi. Ukiiweka kwenye hifadhidata kama namba ya kawaida inakuwa 5.1, na njia ya mabingwa inakaa pamoja na njia za watoto. Ni kama namba za matoleo ya programu: 5.10 huja baada ya 5.9.

Kabla 5.10 haijakubalika kote, mtu aliyefungua njia ngumu mno aliandika 5.9 tu, kwa sababu hapakuwa na namba nyingine. Ndiyo maana mpaka leo wapandaji wa Marekani wanaogopa 5.9 ya miamba ya zamani kama Tahquitz kuliko 5.10 ya mwamba uliofunguliwa juzi. Namba inabeba tarehe ya siku ilipoandikwa, lakini tarehe yenyewe haionekani.

Mwenye busara kuliko wote, kwa macho ya mwandishi wa programu, alikuwa John Ewbank wa Australia. Miaka ya 1960 alianzisha namba nzima kuanzia 1 kwenda juu, bila dari, bila desimali, bila herufi. Afrika Kusini nayo hutumia namba za namna hiyo. Lakini hata huko wapandaji hubishana kwamba 18 ya mwamba fulani si 18 ya mwamba mwingine. Kwa hiyo tatizo halikuwa uandishi wa namba peke yake.

Sasa turudi nyumbani. Kupanda miamba kwa kamba kama mchezo kuliletwa Kenya na wageni, na kila mgeni alikuja na gredi za kwao. Halford Mackinder alifika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899 akiwa na waongozaji wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Batian, mita 5,199, haikupandwa tena mpaka mwaka 1929, Eric Shipton na Percy Wyn Harris walipopita juu ya Nelion, ambayo nayo ilikuwa haijapandwa na mtu. Mwaka 1949 ikaanzishwa Klabu ya Milima ya Kenya, na Waingereza waliokuwa wengi ndani yake wakatumia gredi za Kiingereza kwenye miamba ya Lukenya na Hell's Gate. Mlimani zilitumika zaidi namba za Kirumi za Alps. Njia ile ya Nelion utaikuta imeandikwa IV+ kwenye kitabu kimoja, Severe au Very Severe kwenye kingine, na Mmarekani atakwambia ni 5.6 au karibu na hapo.

5.6 kwenye ukuta wa ndani ni njia ya mtu wa wiki ya pili. Ile ya Nelion inaishia kwenye kimo cha mita 5,188, hewa nyembamba, mwamba unaozidi mita mia tatu, na ukichelewa unalala juu kwenye kibanda cha bati kama kabati. Namba haikosei: hakuna hatua hata moja ngumu kuliko 5.6. Ila namba hiyo haikuulizwa kuhusu hewa, baridi wala urefu wa siku.

Kisha kuna miamba yenyewe. Lukenya ni jiwe gumu lenye vishikizo vidogo, mtu anapanda kwa vidole na kwa kusimama vizuri. Hell's Gate ni mwamba wa volkano wenye nyufa ndefu wima. Huko unaingiza mkono ufani, unakunja ngumi, unaning'inia juu ya ngumi hiyo, na kila mita chache unasimama kuchomeka chuma chako mwenyewe. Kwenye ukuta wa ndani bolti zipo tayari na vishikizo vina rangi. Rafiki yangu alikuwa na 6a ya vidole. Ufa ule ulitaka ujuzi ambao hakuwahi kuujaribu hata kwa gredi ya chini kabisa. Hakuna cha kujumlisha wala kutoa kitakachogeuza kimoja kuwa kingine.

Kitu kilichonimaliza kabisa ni majira. Ukitoka Kisumu kwenda Busia unapita Maseno, pale kwenye kibao cha ikweta ambapo watoto wa shule hupigia picha, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Ufuate mstari huohuo mashariki na utaukaribia sana Mlima Kenya, ambao vilele vyake viko kusini kidogo tu mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua humulika upande wa kaskazini wa mlima katikati ya mwaka, na upande wa kusini kuanzia Desemba hadi Machi. Nyuso za kusini ni mwamba mkavu wa kupendeza mwezi wa Januari, na mwezi wa Agosti zinashika theluji na barafu. Mlima mmoja una kiangazi na baridi kwa wakati mmoja, migongo miwili ya jiwe lilelile. IV+ ya Januari, ukiifuata mwezi wa Agosti, ni njia nyingine.

Na ipo ile inayobadilika kwa miaka. Oktoba 1973 Phil Snyder na Thumbi Mathenge walipanda kwa mara ya kwanza mfereji wa barafu unaoitwa Diamond Couloir, ukawa mojawapo ya njia za barafu zilizosifiwa sana duniani. Barafu ya Mlima Kenya imepungua vibaya tangu hapo, na sehemu ya chini ya njia hiyo imekuwa ngumu kuliko walivyoikuta wao. Gredi iliyoandikwa wakati ule ilikuwa ya kweli. Kilichoondoka ni barafu iliyokuwa ikipimwa.

Wakati nikiwa katikati ya hayo yote, Jumamosi moja nilikwenda Kit Mikayi na rafiki yangu yuleyule. Ni kule Seme, kwenye barabara ya Bondo, mawe makubwa yaliyopandana kama mtu aliyapanga kwa makusudi. Jina lake kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza. Watu huenda kusali ndani ya mapango yake, na sisi hatukwenda na kamba. Mahali pa ibada si pa kuwekea gredi. Tulikuwa tunatazama tu, tukipita kwenye mwanya mwembamba kati ya mawe mawili. Mimi nilikwama kifuani, nikabaki nahema. Mtoto wa hapo, pengine wa miaka tisa, akapita pembeni yangu kama anavuka mlango wa kwao.

"Mama, mwanya huu ni mgumu?" nikamuuliza mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi kivulini.

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mgumu kwa nani, mwanangu?"

Tukarudi mjini tukipitia soko la Kibuye, na pale nikaona mfano nilioukosa wiki zote zile. Gorogoro ya mahindi ni mkebe uleule kila soko, tunasema ni kilo mbili. Lakini kuna anayekupimia kwa kufuta juu kwa kiganja, na kuna anayelundika mpaka punje zinamwagika. Mkebe hauwezi kukwambia ni soko gani linafuta na lipi linalundika. Wenyeji wanajua, na kati yao hakuna anayepunjwa. Mgeni ndiye anayelia. Gredi ni hivyo. Ni makubaliano ya watu wanaopanda mwamba mmoja, wenye mazoezi yanayofanana, kwa majira yanayofanana. Ndani ya eneo lao inafanya kazi vizuri sana: ukishapanda njia tano za Lukenya, ya sita haitakushangaza. Ukiitoa nje, mkebe unatoka, desturi ya kulundika inabaki sokoni.

Basi nikaifuta fankisheni ile yote. Jedwali la kubadilisha gredi halipo tena kwenye programu yangu. Badala yake kila njia sasa inabeba vitu hivi:

1. Gredi kama ilivyoandikwa kitabuni, herufi kwa herufi, bila kuguswa.
2. Jina la mfumo wa gredi hiyo, na mwaka ilipoandikwa.
3. Aina ya mwamba na ya upandaji: ufa, vidole, barafu.
4. Kinga: bolti zipo, au unabeba vyuma vyako.
5. Miezi ambayo gredi hiyo ni ya kweli.
6. Njia mbili au tatu za eneo hilohilo ambazo waliopanda wanasema zinafanana nayo.

Cha sita ndicho ninachokipenda. Mtu akitaka kujua njia fulani ya Hell's Gate ina ugumu gani, programu haimpi namba ya Kifaransa. Inamwambia: anza na hii fupi ya jirani, kisha hii, ukizimaliza vizuri rudi uulize. Wengine wamelalamika kwamba toleo la zamani lilikuwa rahisi kutumia. Ni kweli lilikuwa rahisi.

Mwezi uliopita rafiki yangu alirudi Naivasha. Alianza na ufa mfupi wa gredi ya chini kabisa, ule ambao zamani angeucheka. Jioni akanipigia, safari hii saa kumi, jua bado liko juu. Alisema ulimshinda mara mbili, wa tatu akaumaliza, na mikono yake imechubuka kama ya mtu aliyevuna miwa Miwani. Ule mrefu hakuugusa. Alisema atauangalia tena mwakani.

Nawatakia wiki njema. Na kama kwenye mfumo wenu kuna safu ya namba isiyosema imetoka soko gani, nendeni mkaitazame leo kabla mtu hajawapigia simu usiku.